Samunge Kabla ya Foleni

Mtajie Samunge Mtanzania yeyote aliyekuwa mtu mzima mwaka 2011, naye atakujibu kwa neno moja: kikombe. Wengi waliokwenda kwa Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, hawakulijua hata jina la kijiji chake. Walisema wanakwenda Loliondo, walipe shilingi 500, wanywe kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mugariga, warudi nyumbani wakiwa wazima. Loliondo yenyewe iko mbali na hapo. Samunge ni kijiji cha Watemi katika Wilaya ya Ngorongoro, bondeni upande wa magharibi wa Ziwa Natron, na kimekaliwa na wakulima wa umwagiliaji tangu zamani sana kabla gari la kwanza halijafika.

Miezi ile michache ya 2011 imekifunika kijiji. Kwenye mtandao utakuta picha za magari yaliyofuatana hadi upeo wa macho, helikopta na wagonjwa waliolala chini ya turubai. Mifereji huioni, wala mashamba ya mtama, wala vijia vinavyoshuka kutoka kwenye maboma kwenda kwenye maji. Nadhani hiyo ni dhuluma kwa mahali penye moja ya historia adimu za kilimo katika nchi yetu, nami naona ndiyo historia inayostahili kusimuliwa kwanza.

Watemi, ambao majirani na vitabu vingi huwaita Wasonjo, ni Wabantu waliozungukwa na Wamasai pande zote. Vijiji vyao vichache, Samunge, Digodigo, Kisangiro, Oldonyo Sambu na vingine, vimejipanga karibu na chemchemi na vijito vinavyotoka kwenye miinuko. Mvua ya huko haitoshi kumhakikishia mkulima mavuno. Kwa hiyo wazee wao walikinga maji kwa mawe, matope na matawi, wakayaingiza kwenye mitaro iliyochimbwa kwa mkono, yakateremka yenyewe kwa mwinamo wa ardhi hadi mashambani. Hakuna pampu. Akili yote iko katika kuujua mteremko: ukizidi, maji yanakula kingo, ukipungua, yanatuama na mtaro unajaa tope.

Robert Gray, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi nao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, aliona kwamba serikali ya kijiji na serikali ya maji ni kitu kimoja. Waliotawala waliitwa wenamiji. Haki yao ya kwanza juu ya maji ilirithiwa kutoka kwa baba, na wao ndio waliopanga zamu, waliotoza faini, walioamua siku ya kusafisha mitaro. Waliowafuata walipata zamu kwa kutoa mbuzi au asali. Mtu asiye na zamu ilimbidi aombe au anunue maji kwa mwenye nayo. Mpangilio huo haukuwa wa usawa, wala hauna haja ya kupambwa leo. Lakini ulilisha watu mahali pakavu, kizazi baada ya kizazi, na watafiti waliorudi Sonjo miaka ya 1990, akiwamo John Sutton, walikuta mifereji bado inatiririka na zamu bado zinajadiliwa.

Zamani vijiji vilizungushiwa ua mnene wa miiba wenye malango, kwa sababu ya vita na Wamasai. Nyumba zilisongamana ndani, mashamba yakabaki nje, chini, kwenye maji. Kila asubuhi kijiji kizima kilitoka langoni kwa miguu kwenda shambani, na jioni kikarudi. Njia za Samunge zilizaliwa na safari hiyo: kutoka langoni hadi mfereji, kutoka mfereji hadi shamba, na kingo zenyewe za mitaro, ambako mwenye zamu hutembea na jembe begani akifungua na kuziba maji. Njia nyingine ziliunganisha vijiji. Khambageu, shujaa na nabii ambaye Watemi wamemheshimu kwa vizazi, husimuliwa akihama kijiji hadi kijiji kwa miguu, na sikukuu yake husherehekewa kwa zamu, kijiji kimoja baada ya kingine.

Ili kuelewa jinsi jambo hili lilivyo la kale, shuka kutoka Samunge ufuate Bonde la Ufa kusini, upite Ngaresero chini ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, hadi Engaruka. Hapo, chini ya ukingo wa bonde, kuna magofu ya mashamba yaliyojengwa kwa mawe: matuta, kuta, na mifereji iliyowahi kumwagilia eneo la takriban kilomita za mraba 20. Watu waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi, wakaondoka katika karne ya 18. Maji ya vijito yalipungua, na yawezekana wafugaji wenye nguvu nao walizidi kusogea. Kwa kuwa mitaro yao inafanana na ya Watemi, baadhi ya watafiti wameuliza kama wakimbizi wa Engaruka hawakuishia huko kwenye miinuko. Jibu la hakika halijapatikana, lakini mtu akisimama Engaruka kwenye mtaro mkavu, kisha akasimama Samunge kwenye mtaro wenye maji, huona elimu ya namna moja, huku imekufa na kule inaishi.

Safari hiyo, kutoka mfereji hadi mfereji, ndiyo hasa ya baiskeli. Wafaransa wamejua kwa muda mrefu kwamba kando ya mfereji ni njia nzuri ya baiskeli. Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 uliojengwa chini ya Pierre-Paul Riquet kati ya 1666 na 1681, ulikuwa na njia pembeni kwa ajili ya farasi waliovuta majahazi. Biashara ya majahazi ilipokufa, njia ya farasi ikabaki, na leo waendesha baiskeli huifuata kati ya miti na mashamba ya mizabibu bila kukutana na gari. Kule Burgundy, mwaka 1997, reli iliyoachwa kati ya Givry na Cluny iligeuzwa njia ya namna hiyo, ikapita katikati ya mizabibu. Kwa Wafaransa, kazi ya zamani ilikwisha, starehe ikarithi njia. Samunge kazi haijaisha. Ukingo wa mtaro ni mahali pa kazi, na tairi la mgeni likiubomoa, shamba la mtu linakosa zamu yake.

Hata hivyo mfano wa karibu tunao. Mto wa Mbu, mji ambao miradi ya maji ya miaka ya 1950 iliugeuza kutoka pori kuwa mashamba, umekuwa ukiwapitisha wageni kwa baiskeli kwenye vijia vya migomba na mpunga kwa miaka mingi, wakiongozwa na vijana wa hapo hapo. Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaruka ni kilomita zipatazo 60. Mbele ya hapo kuna majivu ya Lengai, upepo wa Natron, na mpando mkali wa ukingo wa bonde kuelekea Sale, katika nchi ya Watemi. Miiba ya migunga inatoboa tairi bila huruma, kwa hiyo viraka na pampu ni vya lazima kuliko kamera.

Na barabara hiyo hiyo ndiyo iliyobeba foleni ya 2011. Ilikuwa njia ya vumbi, nyembamba, isiyotarajia zaidi ya magari machache kwa siku. Masika ilikuwa inaingia. Magari yalikwama kwenye tope na makorongo, watu wakalala njiani siku kadhaa, na baadhi ya wagonjwa waliotolewa hospitalini wakafa kabla ya kufika. Mwishoni mwa Machi, watu wapatao 24,000 wakiripotiwa kusubiri, Mwasapila mwenyewe aliomba wengine wasije hadi baada ya tarehe 1 Aprili. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya ugonjwa wowote, na walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa ajili yake walijiweka hatarini. Nawaonea huruma, kwa sababu mtu hafungi safari ya namna ile ila amekata tamaa kwingine kote. Mwasapila alifariki 30 Julai 2021, miaka mingi baada ya turubai kuondolewa.

Tangu hapo barabara imebadilika. Kipande cha kilomita 49 kati ya Waso na Sale kimetiwa lami, na wakulima wanaosafirisha mazao, wajawazito na wanafunzi wana kila haki ya kuifurahia. Lakini lami huleta mwendo, na anayepita Sale kwa kasi hauoni mtaro hata mmoja. Ndiyo sababu napenda wazo la kuvitenga vijia vya zamani kati ya Samunge na Digodigo viwe vya miguu na baiskeli tu, vikiunganishwa na Engaruka kwa wale wenye mapafu. Ziara ifanyike Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu. Ada ya mgeni iende kwenye kukarabati kingo na kulinda chemchemi, si kwenye kibanda cha kuuzia tiketi. Na kabla ya ramani kuchorwa, wazee wa maji waulizwe ni ukingo upi unaweza kubeba tairi, upi haugusiki, na ni siku zipi mtaro unasafishwa na wageni wakae mbali.