Fungu, Kura na Shilingi ya Waziri

Hapana mfasiri wa nyaraka za Bunge asiyelijua neno la Kiingereza "vote", na pengine kwa sababu hiyo hiyo neno hilo humponyoka. Miaka michache iliyopita ililetwa mezani kwangu, ili ihakikiwe, tafsiri ya taarifa juu ya mijadala ya bajeti katika nchi za Jumuiya ya Madola. Mfasiri wake, mtu mwenye elimu na bidii, alikuwa ameandika kwamba mbunge mmoja alitaka "kura ya Wizara ipunguzwe kwa shilingi moja". Nilicheka kwanza. Kisha nikaona kuwa si jambo la kucheka, maana ofisa ambaye angeisoma taarifa ile angedhani kwamba katika nchi hiyo kura za wabunge zina bei, na bei yenyewe ni rahisi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wabunge wanavyoamua juu ya marekebisho ya matumizi ya Serikali, utaratibu huo ulitoka wapi, na kwa nini istilahi zake haziwezi kufasiriwa sawasawa na mtu asiyeijua historia yake.

Tuanze na neno lenyewe. Waingereza walilipata kutoka Kilatini, ambako maana yake ilikuwa nadhiri au matakwa. Kutokana na maana hiyo likawa tamko la mtu katika mkutano, kisha uamuzi wa mkutano wenyewe, na mwishowe, kwa kuwa uamuzi mkubwa wa Bunge ulikuwa kumpa Mfalme fedha, likawa jina la fedha zilizotolewa kwa kazi fulani. Neno moja likabeba mambo mawili: mkono ulioinuliwa na kapu lililojazwa. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. "Kura" ilitufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kule kupigiwa bahati nasibu; kapu la fedha tukaliita "fungu". Neno hili halikuhitaji kuundwa, lilikuwapo sokoni tangu zamani: fungu la nyanya, fungu la dagaa, kila moja limepangwa peke yake na bei yake. Katika Tanzania kila Wizara na idara ina fungu lake lenye namba. Kwa mfano, Fungu 52 ni la Wizara ya Afya. Ndani ya fungu mna vifungu, na vifungu ndivyo vinavyopitishwa kimoja kimoja.

Kwa hiyo katika jambo hili lugha yetu ni sahihi kuliko ile tunayoifasiri. Palipo na maneno mawili kwetu na moja kwao, kazi ya mfasiri ni kuchagua, na hawezi kuchagua bila kujua kinachotendeka ukumbini.

Lakini mfano wa sokoni una mpaka wake. Mnunuzi wa nyanya huweza kuomba nyongeza, na muuzaji muungwana humtupia moja au mbili. Mbunge haruhusiwi kuomba nyongeza. Hili ndilo jambo wageni wa utaratibu huu wanaloshindwa kulielewa, nalo lina umri wa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1706, wakati wa Malkia Anne, Bunge la Makabwela la Uingereza liliazimia kwamba halitapokea ombi lolote la fedha za umma isipokuwa limependekezwa na Mfalme, yaani na Serikali. Mwaka 1713 azimio hilo likafanywa kanuni ya kudumu. Sababu yake haikuwa unyenyekevu. Watu wengi walikuwa wakijazana mlangoni na madai yao, na kila mbunge alikuwa na ndugu au rafiki wa kumwombea. Wabunge waliona kwamba wakiruhusiana kuongeza, hazina isingesalia na kitu. Wakajifunga mikono wenyewe: Serikali iombe, Bunge likubali, likatae, au lipunguze.

Katika karne iliyotangulia walikuwa wameshajizoeza utaratibu mwingine ambao mpaka leo tunauona bila kujua chanzo chake. Bunge lilipotaka kuzungumza habari za fedha, Spika alishuka kitini na wabunge wote wakakaa kama kamati chini ya mwenyekiti waliyemchagua wao. Zama hizo Spika alihesabiwa kuwa karibu mno na Mfalme. Leo hakuna Mfalme wa kuogopwa, lakini katika Bunge la Tanzania, linapokaa kama Kamati ya Matumizi, anayeongoza huitwa Mwenyekiti, hata akiwa ni Spika yule yule wa dakika tano zilizopita. Mfasiri anayeandika "Spika" mahali ambapo taarifa rasmi imeandika "Mwenyekiti", kwa kudhani kwamba anasahihisha kosa, huwa amelitia kosa.

Sasa tuangalie matokeo ya kujifunga mikono. Kama mbunge hawezi kuongeza hata senti, na anataka kulalamika kwamba askari hawana risasi au wilaya yake haina barabara, atasema kwa njia gani? Atapendekeza kupunguza. Anachagua kiasi kidogo kisichoweza kuidhuru kazi yoyote, na aghalabu anakichukua katika mshahara wa Waziri mwenyewe, kwa kuwa Waziri ndiye anayewajibika kwa yote yaliyomo katika fungu. Wabunge wakiafiki, fedha zilizopotea ni kidogo, lakini aibu ni kubwa.

Aibu hiyo iliwahi kuangusha Serikali. Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Juni 1895, makadirio ya jeshi yalikuwa mbele ya kamati huko London. Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, alikuwa na siku njema mpaka saa hizo: alikuwa amelitangazia Bunge kwamba Duke of Cambridge, jamaa ya Malkia aliyeliongoza jeshi kwa miaka mingi, atang'atuka. Akainuka mbunge wa upinzani, St John Brodrick, akataka mshahara wa Waziri upunguzwe kwa pauni 100, kwa hoja kwamba akiba ya kordaiti, ile baruti isiyotoa moshi mwingi, haitoshi. Wengi wa upande wa Serikali hawakuwapo ukumbini. Walipohesabiwa, waliotaka kupunguza walikuwa 132 na waliokataa 125. Tofauti ni watu 7. Serikali ingeweza kurudi siku nyingine na kuutengua uamuzi ule, lakini Waziri Mkuu Rosebery na wenzake, waliokuwa wamekwisha kuchoshwa na ugomvi wa ndani, waliamua kujiuzulu. Katika uchaguzi uliofuata chama chao kilishindwa vibaya. Kwa pauni 100.

Mtu anayefasiri habari ile kwa maneno "Bunge liliokoa pauni 100" hajakosea hesabu, ila amekosea kila kitu kingine.

Wahindi, ambao nao waliurithi utaratibu huu, wameupanga vizuri zaidi kuliko sisi sote. Katika Lok Sabha kuna namna tatu za hoja ya kupunguza. Anayepinga sera nzima hutaka fungu lipunguzwe hadi rupia 1. Anayetaka kubana matumizi hutaja kiasi anachoona kimezidi. Na mwenye lalamiko mahususi hutaka lipunguzwe kwa rupia 100. Mfasiri aangalie sana viambo vidogo hapa. "Hadi rupia 1" ni kulifuta fungu lote na kuliachia alama tu. "Kwa shilingi 1" ni kuligusa kwa ncha ya kidole. Nimewahi kuona hati ambamo viwili hivyo vimebadilishana nafasi, na hakuna aliyegundua.

Huku kwetu, mabaraza ya kutunga sheria ya wakati wa ukoloni, likiwamo lile la Tanganyika lililoanza mwaka 1926, yalikuja na kanuni hizo za Westminster zikiwa zimekunjwa ndani ya sanduku. Zilibaki baada ya uhuru. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 99, inalizuia Bunge kushughulikia muswada au marekebisho ya muswada yanayotoza kodi au kuagiza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais ametaka hivyo kwa kupitia Waziri. Na panapotajwa kubadilisha kiasi, kupunguza kumeachwa huru. Ni kanuni ya mwaka 1713 ikisema Kiswahili. Ndiyo maana Waziri anapomaliza kuwasilisha makadirio yake, na Kamati ya Matumizi ikafikia kifungu chenye mshahara wake, wabunge husimama mmoja baada ya mwingine kusema kwamba wasiporidhishwa na maelezo watashika shilingi.

Kuhusu namna ya kuamua, sauti hutangulia. Mwenyekiti huwahoji wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha hutamka kwa sikio lake nani wameshinda. Sikio likitiliwa shaka, ndipo watu huhesabiwa. Huko Westminster zamani upande mmoja ulitoka nje na mwingine ukabaki ndani. Tangu mwaka 1836, baada ya jengo la zamani kuungua mwaka 1834, kila upande ulipewa ukumbi wake wa kupitia na majina yakaanza kuchapishwa rasmi. Katika Bunge letu, bajeti nzima inapopigiwa kura, Katibu huita jina la mbunge mmoja mmoja, naye hujibu kila mtu akisikia.

Hatari ya mfasiri hapa ni kujua "ndiyo" inajibu nini. Marekebisho huamuliwa kwanza, kisha hoja yenyewe, ikiwa imerekebishwa au haikurekebishwa. Mbunge aliyesema ndiyo mara ya kwanza huenda amesema hivyo kwa kulipinga fungu. Waingereza waliwahi kulitatiza jambo hili zaidi: hadi miaka ya 1960, katika hoja nyingi walihojiwa kama maneno yanayotakiwa kuondolewa yabaki. Hivyo aliyetaka mabadiliko alisema siyo, na asiyeyataka akasema ndiyo! Anayefasiri kumbukumbu za miaka hiyo asihesabu ndiyo na siyo kabla ya kusoma swali.

Nimekuwa nikitumia "marekebisho" na "mabadiliko" kana kwamba ni kitu kimoja, na msomaji makini atakuwa ameniona. Taarifa rasmi za Bunge zina desturi ya kufurahisha. Ibara ikipita kama ilivyoletwa, huandikwa kwamba imepitishwa "bila mabadiliko yoyote". Ikipita baada ya kuguswa, huandikwa "pamoja na marekebisho yake". Kwa maneno mengine, yasipotokea huitwa mabadiliko, yakitokea huitwa marekebisho. Wapo watakaosema ni mazoea tu ya makarani. Mimi naona neno "marekebisho" limekwisha kutoa hukumu: kinachorekebishwa kilikuwa na kasoro, na aliyekirekebisha amefanya vyema. Mbunge wa upinzani aliyeshindwa asingekubali kuliita hivyo. Ningependa "badiliko" litumike kwa pendekezo lisilokwisha kuamuliwa, na "rekebisho" kwa lililokubaliwa, lakini nakiri kwamba desturi imekwisha kuota mizizi.

Kenya inatupa mfano wa jinsi istilahi isipokamilika inavyoweza kulipinda jambo la dola. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike katika Bunge. Lakini miswada, maazimio ya fedha na kila badiliko lililopendekezwa viliendelea kutakiwa kwa Katiba viandikwe kwa Kiingereza. Mbunge alizungumza kwa lugha moja na kurekebisha kwa lugha nyingine; hoja yake ilisikika na wananchi, lakini maneno yaliyopigiwa kura hawakuyaona. Katiba ya mwaka 2010 imezitaja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge.

Na huko huko Kenya, mwezi Juni 2024, tofauti ya maneno mawili ilikuwa na uzito ambao hakuna kamusi ingeweza kuupima. Tarehe 25 Bunge liliupitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wakiandamana, na damu ikamwagika. Siku ya pili Rais alikataa kuutia saini. Lakini Muswada wa Matumizi, ulio kitu kingine, ulitiwa saini siku chache tu baadaye. Wa kwanza huhusu fedha zinakotoka, wa pili zinakokwenda. Waliousikia wa kwanza umekufa na kudhani matumizi nayo yamekufa, hawakudanganywa na mtu. Walidanganywa na neno "fedha", ambalo katika majina ya miswada yetu limeachwa libebe maana moja tu ya mbili lilizo nazo.

Nimalizie na shilingi yenyewe. Vitenzi vitatu hutumika: kutoa, kuondoa na kushika. "Kutoa shilingi" kuepukwe katika maandishi, kwa kuwa mtu asiyejua atadhani mbunge amechangia. "Kuondoa shilingi" ndiyo istilahi inayofaa hati, kwa sababu inataja tendo lenyewe la kupunguza. "Kushika shilingi" ni kauli ya ukumbini, nayo iachwe ilivyo panaponukuliwa maneno ya wabunge, maana inasema jambo ambalo Kiingereza hakina: shilingi bado haijaondoka, iko mkononi mwa mbunge, na Waziri anatazamwa. Akitoa ahadi ya kuridhisha, mbunge "hurudisha shilingi". Anayefasiri kauli hii kwenda Kiingereza atalazimika kuandika kwamba hoja imeondolewa, na shilingi yenyewe haitaonekana tena katika sentensi yake.