"Mambo?": neno moja katika historia ya dawa za UKIMWI



Mwaka 2008 nilikuwa nikimpelekea mdogo wangu aliyeko Nairobi meseji kila jioni kutoka huku Uingereza: "Umemeza dawa?" Nikijiona namsaidia. Siku moja simu ikabaki mezani, mwenzake wa chumbani akaisoma. Wiki hiyo hiyo mdogo wangu alihama, na mimi akaninunia miezi mingi. Kaka mkubwa, na udaktari wangu wa falsafa, nilimharibia kwa maneno mawili.

Kumbe wakati ule ule wenzetu walikuwa wanalijaribu jambo hilo kwa busara zaidi. Kuanzia Mei 2007 Richard Lester na wenzake waliandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali, katika kliniki tatu za Kenya: mbili Nairobi, moja Kajiado. Wagonjwa 273 walipelekewa meseji mara moja kwa wiki. Neno lenyewe: "Mambo?" Basi. Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyesema shida alipigiwa simu, na aliyenyamaza vile vile. Wengine 265 walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa 62% kwa wenye meseji, 50% kwa wasio nazo. Waliofanikiwa kupunguza virusi, 57% kwa 48%.

Hebu tulitazame neno hilo. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tulilidharau, tukisema ni la vijana wa vijiweni. Lakini ndiyo faida yake! Akiliona mke, bosi au jirani, halimwambii kitu. Halitaji ugonjwa wala kidonge. Tena ni swali, na kwetu aliyejuliwa hali hujibu. Asipojibu, kuna jambo.

Si kila meseji ilifaa. Chulaimbo, karibu na Kisumu, utafiti wa wagonjwa 431 uliochapwa 2011 ulionyesha kuwa za kila wiki zilisaidia, lakini za kila siku, wapi! Na Yaoundé, Kamerun, wagonjwa 200 walijaribiwa kwa meseji za kila wiki za kukumbusha na kuhimiza. Matokeo ya 2012 hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kwa hiyo sidhani ni simu iliyofanya kazi. Nadhani ni yule mtu aliyekuwa akisubiri jibu, tayari kupiga.

Nilipoisoma makala ile nilimwandikia mdogo wangu neno moja tu. Alikaa siku tatu, kisha akajibu: "Shida kaka. Sina nauli ya kliniki." Miaka yote ile nilimuuliza habari za dawa, sikumuuliza habari za nauli.

Yu hai, alhamdulillahi. Jumatatu bado namuuliza "Mambo?", na akichelewa kujibu, napiga.

Ni hayo tu kwa leo. Wasalaam.