Usimbaji wa herufi za Kikamba

Usimbaji wa herufi za Kikamba ni namna kompyuta na simu zinavyohifadhi maandishi ya lugha hiyo ya Kibantu, inayozungumzwa hasa Machakos, Kitui na Makueni. Kikamba kina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kilatini ina tano. Mbili zilizozidi huandikwa kwa kiwimbi juu, ĩ na ũ, kama katika mũndũ (mtu). Kikuyu, Kiembu na Kimeru hutumia herufi hizohizo.

Kompyuta huhifadhi namba, na kila herufi hupewa yake. Jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lilikuwa na nafasi 128, zilizotosha Kiingereza na, kwa bahati, Kiswahili pia. Majedwali yaliyoenea baadaye yakaongeza herufi za Ulaya Magharibi: ñ, ã na õ zikaingia, ĩ na ũ zikabaki nje. Ndiyo maana maandishi ya zamani, hasa ya Kikuyu, yana î na û: wachapaji walichukua kilichokuwapo. Herufi zenyewe zilikuwamo katika jedwali la ISO 8859-4, ila ziliwekwa kwa ajili ya lugha ya Greenland. Ukambani haukufikiriwa.

Unicode, jedwali linalokusudia kubeba herufi za lugha zote, tangu matoleo yake ya mwanzo ya miaka ya 1990 imezipa namba U+0129 na U+0169. Katika UTF-8, namna ya kuhifadhi namba hizo kwa baiti, kila moja huchukua baiti mbili: C4 A9 na C5 A9. Programu ikizisoma kwa jedwali la zamani, mũndũ hugeuka mÅ©ndÅ©. Faili haijaharibika, imesomwa vibaya tu.

Tatizo gumu zaidi halionekani kwa macho. Herufi ĩ inaweza kuhifadhiwa kama namba moja, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi cha kuunganisha, U+0303. Kwenye skrini ni kitu kilekile, lakini programu isiyosawazisha maumbo hayo hutafuta neno lililopo na kusema halipo. Kibainishi (') cha kĩw'ũ (maji) nacho huleta taabu ambayo wenye kuandika ng'ombe wanaijua: kilichonyooka na kilichopinda vina namba tofauti.

Katika SMS gharama huonekana mara moja. Alfabeti ya kawaida ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, haina ĩ wala ũ, hivyo herufi moja tu ya namna hiyo hushusha kikomo cha ujumbe kutoka herufi 160 hadi 70. Si ajabu watu wakaandika mundu.

Tatizo la maumbo mawili lilipata suluhisho jingine katika maandishi ya silabi, ambamo alama moja huwakilisha silabi nzima. Hati ya Ethiopia na ile ya Wacree na Wainuit wa Kanada ziliingia Unicode 3.0 mwaka 1999, na silabi nzima ikapewa namba yake. Huko Kanada umbo moja huzungushwa ili kubadili irabu: ᐱ ni pi, ᐳ ni pu, ᐸ ni pa. Unicode haikuweka umbo moja na amri ya kulizungusha. Kila mwelekeo una namba yake, na utata wa kiwimbi haupo. Kila moja ya silabi hizo huchukua baiti tatu katika UTF-8, sawasawa na mũ ya Kikamba.

Anayeandaa vitabu, kamusi au tovuti ya Kikamba ahifadhi maandishi kwa UTF-8 katika umbo la NFC, lenye namba moja kwa kila herufi, na achague kibainishi kimoja tangu ukurasa wa kwanza.