Mgeni wa tangini, mwenyeji wa dimbwini

Ukiipita Pugu ukaendelea na barabara hadi Chanika, pembezoni mwa Wilaya ya Ilala, utakuta nyumba mpya zikichipuka kila kona. Katika baadhi ya sebule, kando ya televisheni, pana tangi la kioo na samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Wengi wao ni gapi. Havumi kwa ukubwa: dume hupata kama sentimita tatu, jike huwa mkubwa zaidi. Sifa yake ni uvumilivu. Umeme ukikatika na mashine ya hewa ikazima, mara nyingi yeye hupona. Tena huzaa upesi, hata aliyenunua jozi moja hujikuta anagawia majirani.

Gapi ni mgeni hapa, asili yake ni kaskazini mashariki ya Amerika Kusini na visiwa vya jirani. Lakini waliompa majina yake yote mawili, la kitabuni na la mtaani, wana mkono pia katika habari za samaki wa mwambao wetu.

Mwaka 1842 Mjerumani Wilhelm Peters alifunga safari ya Msumbiji, akazunguka upande huu wa Afrika miaka kadhaa akikusanya wanyama na mimea. Miongoni mwa alivyovipata ni samaki mdogo wa madimbwi ya Quelimane, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 1844. Leo anaitwa Nothobranchius orthonotus. Miaka 15 baadaye, mwaka 1859, Peters huyohuyo, akiwa Berlin, aliandika kuhusu samaki waliotoka Caracas, Venezuela, akawapa jina la Poecilia reticulata. Ndio gapi hawa wa sebuleni.

Jina la mtaani lilitokea Trinidad. Robert John Lechmere Guppy, Mwingereza aliyeishi kisiwani humo, alituma samaki katika makumbusho ya London, na mwaka 1866 mtaalamu Albert Günther, akidhani ni aina mpya, akamwita Girardinus guppii. Jina hilo lilifutwa vitabuni kwa kuwa Peters alikwisha kumtangulia, ila watu walishalizoea. Günther naye hakusahaulika. Mwaka 1888 na 1889 Franz Stuhlmann alikusanya samaki Afrika Mashariki, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akatangaza aina mpya kutoka Unguja, Nothobranchius guentheri, kwa heshima ya bwana huyo. Kwa hiyo aliyemtunuku Guppy samaki wa Trinidad, naye alitunukiwa samaki wa Zanzibar.

Gapi aliingia Ujerumani kama samaki wa mapambo mwaka 1908, wakati Dar es Salaam ikiwa makao makuu ya koloni la Wajerumani. Mwaka 1920 Johannes Schmidt wa Denmark alionyesha kwamba alama fulani ya rangi hurithiwa na dume kutoka kwa baba yake tu, na Øjvind Winge akaliendeleza jambo hilo. Wafugaji walilidaka. Jijini New York, Paul Hahnel alijipatia sifa katikati ya karne iliyopita kwa kuchagua madume wenye mikia mipana kizazi baada ya kizazi. Baadaye mashamba ya Asia, Singapore ikiwa mbele, yakamfanya gapi bidhaa ya dunia nzima.

Kanuni hiyohiyo ya kuchagua wazazi inamfaa mfugaji wa Chanika. Mimba ya gapi huchukua wiki tatu hadi nne, na jike hazai mayai bali watoto wanaoogelea papo hapo. Mbegu za dume huzihifadhi mwilini kwa miezi, hivyo hata ukimtenga ataendelea kuzaa. Ukitaka mkia wa namna fulani, watenganishe majike na madume wakiwa bado wachanga, kisha uchague mwenyewe nani akutane na nani. Tangini weka majani ya maji kwa wingi, la sivyo mama atawala wanawe bila haya. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi kutwa kucha kabla ya kuyamimina. Ya kisima yenye chumvi kidogo hayamsumbui.

Kilichomtawanya gapi duniani, mbali na urembo, ni tumbo lake. Hula viluwiluwi vya mbu, na kwa sababu hiyo watawala wa nchi za joto walimmwaga mitoni na mabwawani. Sasa anaishi katika nchi zaidi ya 60 ambazo si kwao, Kenya na Uganda zikiwemo. Ajabu ni kwamba mwaka 1941 F. L. Vanderplank, aliyefanya pia utafiti wa mbung'o Shinyanga, aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kuwa samaki wa hapahapa, Nothobranchius wakiwemo, wanaifaa kazi hiyo dhidi ya malaria.

Na hao hata uzuri hawapungukiwi. Uwanda wa pwani kuzunguka Dar es Salaam una aina kadhaa za Nothobranchius. Masika yakijaza madimbwi, mayai yaliyolala kwenye tope huanguliwa, samaki hukua kwa wiki chache, hutaga na kufa maji yakikauka. Nothobranchius foerschi, aliyetangazwa mwaka 1979, alipatikana karibu na Soga kwenye Reli ya Kati. Nothobranchius eggersi wa Rufiji alifuata mwaka 1982. Huko Ulaya wafugaji hutumiana mayai ya samaki hawa kwa posta, yakiwa ndani ya udongo wenye unyevu. Sisi tunayafukia madimbwi hayo tupate viwanja, kisha tunakwenda dukani kununua samaki wa Trinidad.

Sina ugomvi na gapi, afugwe. Lakini jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha ukoo mzima majini, na gapi hula vitoto vya samaki, vyake na vya wengine. Vilima vya Pugu ndivyo chimbuko la Mto Msimbazi, hivyo samaki anayemwagwa huko anaweza kufika mbali. Watoto wakijaa tangini, mpe jirani au muuzie mwenye duka, lakini usiwamwage mtaroni, dimbwini wala mtoni.