Mikoko ya Delta ya Rufiji

Leo tutasoma habari za mikoko, miti iotayo penye maji ya chumvi.

Zamani majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi, yakaingia katika delta yetu. Yaliporudi na kusi yalijaa boriti. Kule miti ni adimu, na boriti ya mkoko mchwa hawaiwezi upesi. Hata upana wa vyumba vya Waarabu ulifuata urefu wa boriti!

Mwaka 1898 Wajerumani waliifanya mikoko hii kuwa msitu wa serikali. Biashara haikukoma. Mwaka 1987 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kukata mikoko. Mkata boriti akajiuliza: watoto watakula nini? Swali hilo si dogo.

Kisha, katika miaka ya 1990, kampuni moja ilitaka kuchimba mabwawa makubwa ya kufugia kamba huku deltani. Wanakijiji wengi walikataa, wakaenda mahakamani. Walijua kuwa kamba wachanga hukulia katika mizizi ya mikoko. Ikifyekwa, mvuvi atavua nini? Mabwawa hayo hayakuchimbwa.

Sasa fungueni madaftari, mwandike: mkoko, boriti, kamba.