Plaiwudi: chama cha wenye viwanda kina kazi gani?

Wadau, hapa Nyakasimbi mafundi wananiuliza: plaiwudi ikipigwa na mvua inabanduka, tumlaumu nani? Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizobandikwa kwa gundi, na gundi huwezi kuipima kwa macho. Hapo ndipo chama kinapoingia. Kule Marekani wenye viwanda walianzisha chao mwaka 1933, leo kinaitwa APA. Kinapima bidhaa za wanachama, kisha muhuri unakwambia bao ni la ndani au la kustahimili mvua. Kwetu kuna SHIVIMITA, shirikisho la viwanda vya misitu, linalowasemea wenye viwanda serikalini. Alama ya ubora inatolewa na TBS. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, geuza bao utafute alama. Au nakosea, wadau?