Tajiri, Tarishi na Simu

Dereva wa lori aliyekatikiwa na mtandao katika miyombo ya Unyamwezi, akapanda kichuguu na kuinua simu juu ya kichwa, ili amwarifu tajiri wake kwamba springi imevunjika, pengine hajui kuwa jina hilo, tajiri, ambalo madereva humwitia mwenye gari, ndilo waliloitiwa wafanyabiashara wenye mali zilizochukuliwa na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Zama hizo, msafara ukishaondoka pwani, tajiri aliyebaki nyuma alibaki na dua. Habari zilichukuliwa na tarishi kwa miguu, na Tabora ilikuwa mwendo wa miezi mitatu hivi. Mfuko wa barua alizopelekewa mpelelezi Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, mwandishi wa habari Stanley aliukuta umekwama Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871; alipomfikishia Ujiji, umri wake ulikaribia mwaka mzima.

Mwendo huo wa miezi ulifupishwa reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Leo tajiri huuliza "Umefika wapi?" mara tatu kabla ya adhuhuri, nami nashuku kwamba dereva, akiitazama simu inavyolia juu ya dashibodi, humhusudu kirongozi wa msafara wa kale aliyekuwa na baragumu lake tu.